Chumvi Hufuata Majira

Katika mji wa Takamatsu, magharibi mwa Japani, watengenezaji wa udon wamerithishana kanuni fupi ya chumvi. Wakati wa joto kali, kikombe kimoja cha chumvi kiyeyushwe katika vikombe vitatu vya maji. Wakati wa baridi kali, kikombe hichohicho kiende kwenye vikombe sita. Miezi ya katikati, joto likiwa halijapanda na baridi haijabana, ni vikombe vitano. Kanuni hiyo huitwa dosan kanroku, na hutamkwa kwa pumzi moja. Maji hayo ndiyo yatakayokandia unga wa ngano, na unga huo ndio utakaokuwa tambi nene, nyeupe, zenye kingo kali, ambazo watu wa mkoa huu huzila asubuhi kabla ya kazi, mchana katikati ya kazi, na tena siku za sherehe.

Sababu yake ataielewa kila aliyewahi kutia mikono kwenye unga. Joto hulegeza donge, likawa linateleza na kukatika. Baridi hulikaza, likagoma kutandazwa. Chumvi nayo hukaza, kwa hiyo huongezwa pale joto linapolegeza na kupunguzwa pale baridi inapobana, ili donge libaki palepale. Mlaji haionji tofauti hiyo, maana tambi zikichemshwa, sehemu kubwa ya chumvi hutoka na kubaki majini. Mwezi wa Agosti na mwezi wa Januari anapewa bakuli lilelile, na wala hajui kwamba nyuma ya ukuta kipimo kimegeuzwa maradufu.

Hilo ndilo lililonivuta kwenye ufundi wa Takamatsu. Tumezoea kumsifu fundi kwa mkono usiobadilika. Hapa kuna sifa nyingine, ngumu zaidi: fundi hubadilika kila siku ili kazi yake isibadilike. Mgeni anayekuja kutembea na kula ataikuta sifa hiyo jikoni, ataikuta bustanini, na ataikuta kwenye mashamba ya miti midogo nje kidogo ya mji, akiwa na subira ya kutazama mikono kabla ya kutazama kilichotengenezwa.

Takamatsu ni makao makuu ya mkoa wa Kagawa, uliokuwa ukiitwa Sanuki zamani, mkoa mdogo kuliko yote 47 ya Japani. Uko kwenye kisiwa cha Shikoku, ukitazama bahari tulivu ya ndani ya Seto. Kutoka Okayama, upande wa pili wa maji, treni huchukua takriban saa moja kupita juu ya daraja kubwa la Seto lililofunguliwa mwaka 1988, na abiria huona visiwa vikipishana chini yake. Milima iliyo kusini na ile ya ng'ambo ya bahari huzuia mawingu, kwa hiyo mvua ni haba, na mito ni mifupi, inakauka upesi. Wakulima walijibu kwa kuchimba malambo. Yako maelfu kwa maelfu, na mojawapo, Manno, ndilo lambo kubwa kuliko yote ya umwagiliaji nchini humo. Mtawa Kukai, aliyezaliwa katika mkoa huu, alisimamia matengenezo yake mwaka 821. Simulizi za wenyeji zinampa Kukai sifa ya kuleta na udon vilevile kutoka China. Simulizi ibaki kuwa simulizi. Lambo lipo, na bado linamwagilia mashamba.

Nchi kavu yenye jua jingi ilikuwa na karibu vyote ambavyo udon inavihitaji. Mpunga ukishavunwa, mashamba yaleyale hupandwa ngano ya majira ya baridi. Pwani ya Sakaide na Utazu ilikuwa na mashamba ya chumvi. Bahari ya Seto ilitoa samaki wadogo wa kukausha. Kisiwa cha Shodoshima, kinachoonekana kutoka bandari ya Takamatsu, kimekuwa kikitengeneza sosi ya soya kwa zaidi ya miaka 400. Kilichopungua ni maji, na hapo pana kejeli yake, kwa sababu udon hunywa maji mengi: ya kukandia, ya kuchemshia, na zaidi ya yote ya kuoshea. Ukame wa mwaka 1994 ulipobana, maji ya bomba mjini Takamatsu yalifika mahali pa kutolewa kwa saa tano tu kwa siku. Anayekula bakuli la tambi zilizosuuzwa vizuri katika mji huo anakula kitu kilichotengenezwa na watu wanaojua thamani ya tone.

Sasa tuingie jikoni. Kazi huanza kungali giza. Unga humwagwa katika chombo kipana, kisha maji ya chumvi hunyunyizwa kidogo kidogo huku vidole vikizunguka, vimetanuliwa, haviminyi. Nia ya hatua hii ni kila chembe ya unga ipate unyevu wake kabla chembe hazijashikana. Mwenye pupa akiminya mapema, sehemu iliyolowa itajifungia maji na sehemu kavu itabaki na kiu hadi mwisho. Polepole unga hubadili rangi, ukawa wa manjano hafifu, ukajikusanya punje punje. Hapo ndipo fundi anapojua kama maji yametosha. Unga nao hufika na unyevu wake wenyewe: gunia lililofunguliwa siku ya mvua si sawa na lililofunguliwa siku ya upepo mkavu. Kile kipimo cha vikombe ni mahali pa kuanzia tu. Vidole ndivyo vinavyomaliza hesabu.

Punje zikishakusanywa zikawa donge, donge hufunikwa kwa plastiki safi, na fundi hupanda juu yake kwa miguu. Anakanyaga kwa visigino, hatua fupi fupi, akizunguka kutoka katikati kwenda pembeni mpaka donge lilale bapa. Analikunja, anapanda tena. Mgeni anayeona jambo hili kwa mara ya kwanza huweza kucheka, lakini miguu haikuchaguliwa kwa mzaha. Donge la udon lina maji machache, ni gumu mno kwa mikono, na linahitaji kubanwa kwa uzito mwingi bila kuraruliwa. Uzito wa mtu mzima, ukishuka taratibu kupitia kisigino, hufanya hivyo hasa. Protini mbili za ngano zikipata maji na msukumo hushikana na kufanya wavu wa gluteni. Kila mkunjo na kila zamu ya kukanyaga huuongezea wavu huo tabaka na kuunyoosha upande mwingine. Fundi husikiliza kwa nyayo. Donge likianza kumrudishia nguvu zake, anashuka.

Kisha hakuna kinachofanyika, na huku kutofanya ni sehemu ya kazi. Donge lililokanyagwa limekaza mishipa. Ukilisukuma papo hapo litajivuta na kurudi lilikotoka. Huachwa lilale. Ipo kanuni ya biashara nchini Japani inayoeleza ni tambi zipi za kufungwa na kuuzwa zinazoweza kujitangaza kuwa udon halisi ya Sanuki: zitengenezwe mkoani Kagawa, kwa mkono au kwa njia inayofuata mkono, maji yasipungue asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi isipungue asilimia 3, donge lipumzishwe kwa saa 2 au zaidi, na zikichemshwa, zichemshwe kwa takriban dakika 15. Tazama yaliyomo katika orodha hiyo. Unga, maji na chumvi vimepewa nafasi yao, lakini na muda umepewa nafasi kamili. Muda huo nao hufuata majira: wakati wa joto donge huiva upesi, wakati wa baridi huchelewa, na duka lenye haraka wakati wa baridi huonekana kwenye bakuli.

Baada ya mapumziko donge hukanyagwa tena kidogo, kisha hutandazwa kwa fimbo ndefu ya mbao. Fundi hulizungusha donge kwenye fimbo, hulibana kwa viganja akilisukuma mbele, hulifungua, hugeuza upande, huanza upya, mpaka lile duara limekuwa karibu mraba na unene wake ni mmoja kutoka pembe hadi pembe. Hukunjwa mkunjo juu ya mkunjo na kukatwa kwa kisu kipana, au kwa kisu kilichofungwa kwenye ubao wenye mkono wa kushushia. Upana wa tambi hukaribiana na unene wake, kwa hiyo tambi mbichi ina pembe nne. Pembe hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya urembo. Ndizo ulimi utakazozikuta kwanza, na zikibaki kali baada ya kuchemshwa, mlaji anajua kisu kilikuwa kikali na donge lilikuwa limetulia.

Sufuria la kuchemshia ni kubwa na maji yake ni mengi, ili tambi zizunguke bila kugusana. Zikiiva huhamishiwa kwenye maji ya baridi na kusuguliwa kwa mikono, maji yakibadilishwa, mpaka utelezi wa wanga uondoke. Baridi hiyo husimamisha mapishi ghafla. Nje kumelowa na kulainika, ndani bado kunakaza. Hali hiyo ya kulainika nje na kukaza ndani, tambi ikivutika kidogo kabla ya kukubali jino, ndiyo wenyeji wanayoiita koshi, na ndiyo wanayoibishania watoto kwa wazee. Haidumu. Maji yaliyo nje ya tambi huendelea kusafiri kwenda ndani hata baada ya tambi kutolewa jikoni, na baada ya muda mfupi unyevu huwa mmoja kotekote. Tambi imekufa, ingawa bado inalika. Ndiyo maana duka zuri huchemsha kidogo kidogo mchana kutwa. Ndiyo maana pia foleni iliyo mlangoni ni sehemu ya upishi: watu wakiwa wengi, sufuria halipumziki, na tambi hazipati nafasi ya kuzeeka.

Supu hutoka baharini. Magharibi mwa mkoa kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ibuki kinachosifika kwa samaki wadogo ambao wakishakaushwa huitwa iriko. Huvuliwa wakati wa kiangazi na kukimbizwa kwenye karakana zilizojipanga ufukweni, wakachemshwa kabla hawajapoteza ubichi wao, kisha wakakaushwa. Msomaji wa Unguja au Bagamoyo hahitaji maelezo marefu. Ni dagaa, ndugu wa wale wanaovuliwa kwa taa usiku, wakachemshwa kwa maji ya chumvi, wakaanikwa, na kusafirishwa hadi masoko ya Kongo. Tofauti iko mezani. Kwetu dagaa ndiye mboga yenyewe. Takamatsu dagaa hutolewa kichwa na tumbo ili asilete uchungu, hulowekwa majini, hupashwa moto wa taratibu pamoja na mwani mkavu, na akishatoa utamu wake huondolewa. Kinachobaki ni supu nyepesi, yenye rangi ya chai hafifu, ikinukia bahari bila kulemea. Sosi ya soya hutiwa kwa uangalifu, kwa kuwa ikizidi itaimeza ngano.

Kula ni kazi rahisi, ila mgeni akijua utaratibu hatazuia watu nyuma yake. Maduka mengi ni ya kujihudumia. Unachukua sinia, unasema ukubwa: ndogo huwa fungu moja la tambi, ya kati mafungu mawili, kubwa matatu. Fungu huitwa tama. Unasema kama unataka moto au baridi. Katika baadhi ya maduka unakabidhiwa bakuli lenye tambi na kichujio chenye mpini, nawe mwenyewe unazitumbukiza tambi kwenye maji ya moto, unazikung'uta, unazirudisha. Mbele kuna tempura zilizopangwa, yaani vyakula vilivyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa: yai, viazi vitamu, boga, na chikuwa, ambayo ni nyama ya samaki iliyosagwa na kufinyangwa ikiwa na tundu katikati. Pembeni huenda kukawa na oden, vipande vya figili, mayai na tofu vikitokota polepole, vya kuliwa na kitoweo kitamu cha soya wakati unasubiri. Unalipa. Kisha unafungua bomba la tangi na supu inamiminika bakulini. Vitunguu vya majani, tangawizi iliyokunwa, ufuta na chenga za tempura viko mezani bure. Bakuli la kawaida ni yen mia chache, bei ambayo mwanafunzi na mkurugenzi wote huimudu, na ndiyo maana utawakuta wamekaa bega kwa bega.

Aina nazo zina mantiki yake. Kake ni tambi ndani ya supu. Bukkake humwagiwa sosi nzito kidogo. Kamaage hutoka sufuriani moja kwa moja bila kuoshwa, ikaletwa ndani ya maji yake ya moto, laini na yenye utelezi, ikachovywa. Kamatama ni hiyohiyo isiyooshwa, ikachanganywa na yai bichi na sosi, yai likaiva nusu kwa joto la tambi. Anayetaka kupima mkono wa fundi aagize udon ya baridi iliyotiwa sosi ya soya tu. Hapo hakuna supu ya kujifichia. Na anayechunga halali ajue kwamba msingi wa supu ni samaki na mwani, lakini aulize kuhusu nyama inayowekwa juu ya tambi na kuhusu mvinyo wa mchele unaoweza kutiwa kwenye sosi.

Isidhaniwe kwamba yote haya yamehifadhiwa kama yalivyokuwa zamani. Kilimo cha ngano kilipopungua Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wasagaji walitafuta nafaka nje, na leo sehemu kubwa ya unga wa udon ya Sanuki hutokana na ngano ya Australia, iliyochaguliwa kwa kuzingatia mahitaji ya tambi hizi: rangi yake ni nzuri na wanga wake unavutika. Mkoa nao ukajibu kwa kuzalisha mbegu yake, Sanuki no Yume 2000, na baadaye toleo la 2009. Wapo wanaopenda harufu ya ngano ya nyumbani, wapo wanaosema ngano ya Australia ni rahisi kuitawala, na wapo wanaochanganya. Vivyo hivyo kwa mashine. Maduka mengi huchanganya unga kwa mashine, na mengine hutandaza na kukata kwa mashine. Sioni aibu hapo. Ngano ikibadilika, maji yanabadilishwa. Mashine ikichukua nafasi ya mguu, bado anatakiwa mtu wa kuamua leo ni chumvi kiasi gani na donge lilale mpaka saa ngapi. Uamuzi huo ndio ufundi wenyewe, na haujahamia kwenye mashine.

Tarehe 2 Julai imetangazwa kuwa siku ya udon mkoani Kagawa. Haikuchaguliwa ovyo. Huangukia karibu na siku ambayo, katika kalenda ya zamani ya wakulima, upandaji wa mpunga ulipaswa kuwa umekwisha, na familia zilizosaidiana mashambani zikakaa kula udon ya ngano iliyotoka kuvunwa. Mji unapokula siku hiyo, unakula ratiba ya shamba.

Kutoka kwenye bakuli, mgeni aende Ritsurin. Bustani hii imelala chini ya mlima Shiun, uliojaa msitu, ambao umechukuliwa kuwa ukuta wake wa nyuma. Ilianza kuchukua umbo katika miaka ya 1620 chini ya watawala wa ukoo wa Ikoma, ikapita kwa ukoo wa Matsudaira, na kukamilika mwaka 1745, baada ya zaidi ya miaka mia ya watawala kupokezana. Mwaka 1875 ilifunguliwa kwa watu wote. Ina mabwawa sita na vilima kumi na vitatu vilivyofinyangwa na watu, na ukipanda kilima cha Hirai unaona daraja la mbao likijipinda juu ya bwawa la kusini, na nyumba ya chai ya Kikugetsu-tei ng'ambo yake. Milango hufunguliwa jua linapochomoza, na saa ya kufungua husogezwa mwezi hadi mwezi. Hata lango linafuata majira.

Lakini fahari ya Ritsurin ni misonobari. Iko takriban 1,400, na karibu 1,000 kati yake hutunzwa kwa mkono. Mingine imepunguzwa kwa vizazi mpaka ikawa ua mnene wenye umbo la sanduku, matawi yakionekana ndani yake yamejikunja na kupindana. Mtazamaji wa haraka huona umbo na kudhani kuna mtu alilichonga zamani, kazi ikaisha. Msonobari hauruhusu hilo. Kila majira ya kuchipua hutoa machipukizi marefu yaliyosimama wima, na mtunzaji akiwa juu ya ngazi huyavunja kwa vidole, mengine mazima, mengine nusu. Tawi la juu lina nguvu, hupunguzwa zaidi. Tawi la chini lililo kivulini huachiwa zaidi, ili lisikate tamaa. Mwaka ukielekea kwenye baridi, majani ya zamani yenye umbo la sindano hung'olewa kwa mkono ili mwanga upenye. Mti ukiachwa miaka michache, umbo hupotea. Kwa hiyo kile tunachokiita mti wa kale ni kitu kinachotengenezwa upya kila mwaka, na mtunzaji aliyefanya vizuri ni yule ambaye mgeni aliyefika mwaka jana hataona alichofanya.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1945, ndege za Marekani zilichoma sehemu kubwa ya Takamatsu na watu 1,359 walipoteza maisha. Mji unaouona leo, pamoja na njia zake ndefu za maduka zilizofunikwa kwa paa, ulijengwa upya karibu wote. Bustani ilibaki. Hata hivyo kubaki si tukio la usiku mmoja. Tangu hapo kila msonobari umeshapitiwa na vidole mwaka baada ya mwaka, na bila hivyo kungebaki msitu tu mahali palipokuwa na bustani.

Kituo cha pili kwa treni upande wa magharibi wa mji ni Kinashi. Huko na jirani yake Kokubunji, misonobari ya bonsai, yaani miti midogo ya kukuzwa chunguni, hupandwa mashambani kwa mistari, jinsi wengine wanavyopanda mboga, na eneo hili hutoa takriban asilimia 80 ya bonsai za msonobari za Japani. Kilimo hiki kina umri wa zaidi ya miaka 200. Kilianza na miti iliyochimbwa pwani, na udongo wa kichanga usiotuamisha maji ukakifaa. Mche hukaa ardhini miaka mingi, shina likifungwa waya na kupindishwa lingali jepesi, kabla haujaona chungu.

Hapa ile hesabu ya chumvi inarudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa kiangazi mkulima hukata machipukizi ya mwaka. Msonobari mweusi, ukishakatwa, hutoa machipukizi ya pili, na kwa kuwa muda uliobaki kabla ya baridi ni mfupi, majani yake hutoka mafupi, yakalingana na udogo wa mti. Akikata mapema mno, majani yatarefuka. Akichelewa, hayatakomaa. Na kwa kuwa matawi hayana nguvu sawa, wapo wanaokata yale dhaifu kwanza na kungoja siku kadhaa kabla ya kukata yenye nguvu, ili yote yafike mwisho pamoja. Hakuna kitabu kinachoweza kutaja tarehe, maana joto la mwaka huu si la mwaka jana. Mti mdogo unaouzwa umetulia ndani ya chungu umebebwa na makumi ya maamuzi ya namna hiyo.

Anayetaka kuona nini hutokea mkono ukiondolewa, arudi Ritsurin autafute msonobari wa majani matano wenye mizizi iliyoinuka juu ya ardhi. Yasemwa ulikuwa bonsai, zawadi ya shogun Tokugawa Ienari, mtawala wa kijeshi wa Japani, kwa mtawala wa tisa wa ukoo wa Matsudaira mwaka 1833. Ulitolewa kwenye chungu ukapandwa ardhini. Leo una urefu wa takriban mita 8. Ulikuwa na kimo hicho ndani yake siku zote. Chungu na mkasi ndivyo vilivyokuwa vikiujibu kila mwaka.

Mashariki mwa mji, huko Mure, kuna ufundi ulio kinyume. Hapo huchongwa jiwe la Aji, itale yenye chembe ndogo ngumu, na hapo mchongaji Isamu Noguchi aliweka karakana yake kuanzia mwaka 1969, akiishi kati ya New York na Mure hadi alipofariki mwaka 1988. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1999, na mgeni hutakiwa kuomba nafasi mapema. Ndani ya ghala la zamani limesimama Energy Void, pete kubwa ya jiwe jeusi yenye urefu wa mita 3.6, na nje kuna mawe yaliyoachwa hayajamalizika. Jiwe halijali kama ni Agosti au Januari. Baada ya siku ya udon na misonobari, mtu husimama mbele yake akielewa vizuri zaidi ni mzigo gani wanaoubeba wale ambao malighafi yao ni hai.

Mashabiki wa udon huja Takamatsu na ramani ya maduka, wakaingia manne au matano kwa siku, kwani bakuli dogo na bei ndogo vinaruhusu. Kwa kufanya hivyo wanaonja tofauti, na tofauti zipo nyingi. Mimi ningemshauri mgeni achague duka moja alilolipenda na arudi kesho yake, aagize kilekile. Bora siku moja iwe ya jua na nyingine ya mvua. Akikuta mabakuli mawili yamefanana, asidhani hakuna kilichotokea kati yake: mtu aliamka gizani, akashika unga, akaona haukuwa wa jana, akabadilisha maji. Na aende mapema, kwa sababu tambi za siku zikiisha, duka linafungwa, hata kama saa ya kufunga bado.